Washukiwa wawili walikufa na siri yao, Kanada ikabaki ikikisia

POLISI nchini Kanada walipotangaza mnamo Agosti 7, 2019 kwamba wamepata maiti mbili kwenye vichaka vizito karibu na Mto Nelson, kaskazini mwa mkoa wa Manitoba, wengi walishusha pumzi. Msako mkali uliokuwa umedumu kwa zaidi ya wiki mbili, na ambao ulifuatiliwa hadi Australia na Marekani, ulikuwa umefikia kikomo.

Hata hivyo, kabla madaktari hawajathibitisha maiti hizo zilikuwa za nani, tayari swali jingine lilikuwa vinywani mwa watu. Kwa nini walifanya hivyo?

Waliokuwa wakisakwa ni Kam McLeod, aliyekuwa na umri wa miaka 19, na rafiki yake Bryer Schmegelsky, aliyekuwa na miaka 18. Walishukiwa kuwaua watu watatu ambao hawakuwa na uhusiano nao wowote, kisha wakatoroka kwa gari mwendo wa zaidi ya kilomita 3,000 kutoka British Columbia, wakapitia Alberta na Saskatchewan hadi Manitoba.

Katika sheria za Kanada, kama ilivyo nchini Kenya, mshukiwa akifa mkono wa sheria ya jinai haumfikii tena. Hapandishwi kizimbani, hakuna shahidi atakayehojiwa na wakili wa upande wa pili, wala hakimu atakayeeleza kwa nini ameamini ushahidi huu na kuukataa ule. Jamaa za waliouawa hawapati siku ya kukaa mahakamani na kumtazama mtuhumiwa usoni. Kinachobaki ni maelezo ya polisi kwa upande mmoja, na minong'ono ya umma kwa upande wa pili.

Ndiyo sababu kisa hiki kingali kinazungumzwa miaka mingi baadaye.

Mauaji katika barabara mbili

Julai 12, 2019, vijana hao waliondoka nyumbani kwao Port Alberni, mji ulioko katika Kisiwa cha Vancouver, ambako wote wawili waliwahi kufanya kazi katika duka la Walmart. Walikuwa na pikapu aina ya Dodge iliyofungiwa kibanda cha kulala nyuma. Kwa jamaa zao walisema wanakwenda kaskazini, upande wa Yukon, kutafuta kazi.

Siku hiyo hiyo walisimama katika mji wa Nanaimo, wakaingia dukani na kununua bunduki aina ya SKS pamoja na risasi. McLeod alikuwa na leseni, na ununuzi huo haukuvunja sheria yoyote.

Siku tatu baadaye, Julai 15, maiti mbili zilipatikana kando ya Barabara Kuu ya Alaska, takriban kilomita 20 kusini mwa chemchemi za maji moto za Liard. Zilikuwa za Lucas Fowler, raia wa Australia mwenye umri wa miaka 23, na mpenzi wake Chynna Deese, Mmarekani wa miaka 24. Wawili hao walikuwa wakitalii Kanada kwa gari kuukuu la buluu, Chevrolet ya mwaka 1986, ambalo lilikuwa limewaharibikia njiani. Walikuwa wamepigwa risasi.

Mnamo Julai 19, pikapu ya vijana wale ilipatikana ikiwa imeteketea karibu na Dease Lake, umbali wa takriban kilomita 470 kutoka mahali pa mauaji ya kwanza. Huo ni mwendo unaokaribia ule wa kutoka Nairobi hadi Mombasa. Takriban kilomita mbili kutoka kwenye gari hilo kulikuwa na maiti ya mwanamume mzee ambaye siku hiyo hakuna aliyemjua. Baadaye alitambuliwa kuwa Leonard Dyck, mwenye umri wa miaka 64, mhadhiri wa elimu ya mimea katika Chuo Kikuu cha British Columbia.

Vijana wenyewe hawakuonekana. Polisi waliwatangaza kuwa watu waliopotea, na katika siku hizo wengi waliingiwa na hofu kwamba huenda nao wameuawa.

Hapo ndipo makisio yalipoanza. Polisi walisema mwanzoni kwamba hawana thibitisho kuwa matukio hayo mawili yana uhusiano. Wananchi hawakungoja thibitisho. Katika eneo ambalo mtu aweza kuendesha gari kwa saa nzima bila kukutana na gari jingine, watu watatu waliouawa na wengine wawili waliotoweka katika muda wa siku chache waliwatosha kufikia uamuzi wao. Inafaa kusemwa waziwazi kwamba katika hilo umma ulikuwa sahihi kabla ya polisi kukiri.

Lakini dhana waliyoijenga juu ya msingi huo ndiyo iliyopotoka. Kaskazini mwa British Columbia kuna barabara ambayo Wakanada huiita Barabara Kuu ya Machozi, ambako wanawake na wasichana wengi, hasa wa jamii za wenyeji asilia, wameuawa au kutoweka tangu miaka ya sabini. Kesi nyingi kati ya hizo hazijawahi kupata jawabu. Haikuwa ajabu, basi, kwamba watu walianza kumzungumzia muuaji mmoja sugu anayezurura barabarani akiwavizia wasafiri.

Julai 22 polisi walitoa michoro miwili. Mmoja ulikuwa wa sura ya marehemu asiyejulikana, kwa matumaini kwamba kuna atakayemtambua. Wa pili ulikuwa wa mwanamume mwenye ndevu ambaye inasemekana alionekana akizungumza na Fowler na Deese kabla hawajauawa. Baba yake Fowler, ambaye ni afisa wa polisi nchini Australia, alikuwa amesafiri hadi Kanada na aliketi mbele ya wanahabari siku hiyo akiomba yeyote mwenye habari ajitokeze.

Kesho yake mambo yaligeuka. Julai 23 Kikosi cha Polisi wa Kifalme wa Kanada, kinachojulikana kwa kifupi kama RCMP, kilitangaza kuwa McLeod na Schmegelsky si watu waliopotea tena. Walikuwa washukiwa wa mauaji yote matatu.

Waliokutana nao bila kujua

Tangazo hilo liliwastua watu kadhaa ambao tayari walikuwa wamekutana nao uso kwa uso.

Huko Cold Lake, katika mkoa wa Alberta, mwananchi mmoja aliwasaidia kulikwamua gari lao lililokuwa limezama kwenye matope. Huko Meadow Lake, Saskatchewan, kamera za duka ziliwanasa wakitembea bila wasiwasi. Walipofika Split Lake, Manitoba, kwenye makao ya jamii ya Wakrii ambako pombe hairuhusiwi, walinzi wa kijiji walilisimamisha gari lao kwenye kizuizi na kulikagua kama ilivyo desturi. Waliona ramani na vifaa vya kupigia kambi. Hawakuona chupa yoyote ya pombe, wakawaruhusu waendelee na safari.

Baadaye walinzi hao walisutwa na watu waliokuwa mbali kabisa na kizuizi hicho. Ilikuwaje wauaji wakaponyoka mikononi mwao? Jawabu limo katika kalenda. Gari lilipokaguliwa Julai 22, vijana hao walikuwa bado wanatafutwa kama watu waliopotea, na tangazo la kuwageuza washukiwa lilikuwa halijatolewa. Gari walilokuwa nalo, Toyota RAV4 ya rangi ya kijivu, lilikuwa la Dyck, ambaye jina lake lilikuwa halijajulikana hata kwa polisi.

Jioni ya siku hiyo gari hilo lilipatikana likiwaka moto karibu na mji wa Gillam, katika eneo la jamii ya Wakrii wa Fox Lake. Zaidi ya hapo barabara karibu zinakwisha. Gillam ni mji mdogo uliokuwa na watu wapatao 1,200 tu wakati huo, ambao umekua kutokana na mabwawa ya umeme ya Mto Nelson na reli inayokwenda Churchill. Uliozungukwa na msitu, vinamasi na maziwa yasiyohesabika, ni mahali ambapo wakati wa kiangazi mbu na inzi wang'atao humkosesha mtu usingizi, na dubu si hadithi ya kutishia watoto.

Julai 24 vijana hao walifunguliwa mashtaka ya kumuua Dyck. Lilikuwa shtaka la mauaji ya daraja la pili, ambalo katika sheria za Kanada humaanisha kuua kwa kukusudia, bila ya upande wa mashtaka kulazimika kuthibitisha kwamba mauaji yalipangwa kabla.

Mji mdogo, tetesi nyingi

Kilichofuata kinaonyesha jinsi hofu na uvumi vinavyolishana.

Polisi walimimina askari, mbwa wa kunusa na ndege zisizo na rubani katika eneo hilo. Jeshi la wanahewa lilitoa ndege aina ya Hercules. Maafisa waligonga milango ya nyumba zaidi ya 500 huko Gillam na Fox Lake, na eneo lililosakwa lilifikia kilomita 11,000 mraba, ambalo kwa Mkenya ni sawa na kuambiwa uipekue kaunti nzima ya Baringo kichaka kwa kichaka. Wakazi waliokuwa hawana mazoea ya kufunga milango walianza kuifunga. Watoto walizuiwa kucheza nje.

Kadiri siku zilivyopita bila habari mpya, ndivyo watu walivyozidi kujaza pengo kwa fikira zao. Kulikuwa na waliosema vijana wamekwisha kuliwa na wanyama. Wengine walisema wamezama mtoni. Kuna walioapa kwamba gari lilichomwa kwa hila ili polisi wabaki wakizunguka msituni huku wenyewe wakiwa wamedandia garimoshi la mizigo na kwenda zao. Walikuwako pia waliodai kwamba vijana hawana hatia, kwamba nao ni mateka wa muuaji ambaye bado hajajulikana.

Polisi wenyewe waliongeza kuni motoni, ingawa hawakukusudia. Walisema haliwezi kupuuzwa wazo kwamba washukiwa wamebadilisha sura zao na kutoroka kwa msaada wa mtu asiyejua ni akina nani. Kwa mpelelezi, kauli hiyo ni tahadhari ya kawaida. Kwa msikilizaji aliye Ontario, kijana yeyote mrefu asiyefahamika katika kituo cha mafuta aligeuka kuwa mshukiwa. Ripoti za kuonekana kwao zilimiminika kutoka miji iliyo mamia ya kilomita kutoka Gillam, na hakuna hata moja iliyothibitishwa.

Kisa cha York Landing ndicho kilichogharimu zaidi. Julai 28 wanachama wa kundi la kujitolea la jamii za wenyeji asilia, waliokuja kusaidia ulinzi, waliripoti kuwaona wanaume wawili warefu wembamba karibu na jaa la taka katika kijiji hicho, kilicho takriban kilomita 90 kutoka Gillam na ambacho wakati wa kiangazi hufikiwa kwa ndege au kivuko tu. Askari wenye silaha nzito walipelekwa haraka. Wanakijiji walijifungia nyumbani huku helikopta zikizunguka juu ya mapaa yao. Siku iliyofuata polisi waliondoka wakisema hawakuweza kuthibitisha lolote.

Si haki kuwalaumu walioripoti. Polisi walikuwa wameomba kila aliye na habari aitoe, na mtu aliyeona kitu akanyamaza angelaumiwa zaidi kama kingekuwa cha kweli. Lakini kila askari aliyepelekwa York Landing ni askari aliyeondolewa kando ya Mto Nelson, na ni kando ya mto huo ambako jibu lilikuwa.

Julai 31 RCMP ilitangaza kuanza kupunguza vikosi vyake. Uvumi ukapamba moto upya: eti polisi wanajua vijana wamekwisha kutoroka na wanaona haya kusema.

Ilivyotokea, jicho la mwananchi ndilo lililofungua njia. Mwongoza watalii mmoja aliona mfuko wa kulalia ukiwa mtoni. Mashua ya alumini iliyoharibika nayo ikaonekana, wapigambizi wakaingizwa majini, na vitu vilivyohusishwa moja kwa moja na washukiwa vikapatikana ufuoni. Asubuhi ya Agosti 7, takriban kilomita moja kutoka hapo na kilomita nane kutoka mahali gari lilipoteketezwa, maiti zikapatikana.

Kwa maneno mengine, vijana ambao nusu ya nchi iliamini wako Ontario hawakuwahi kwenda mbali.

Mitaa ya mtandaoni na swali la nia

Wakati msako ukiendelea, upelelezi wa aina nyingine ulikuwa ukifanyika kwenye intaneti. Watu wasiowahi kukutana na vijana hao walichimbua michezo ya kompyuta waliyoipenda, picha walizopiga na maneno waliyowaandikia wenzao.

Ilipatikana picha ya kisu na kitambaa cha mkononi chenye alama za Wanazi, ambazo Schmegelsky alikuwa amemtumia mtu aliyejuana naye mtandaoni. Mara moja likatolewa jibu kwamba mauaji yalisukumwa na itikadi ya chuki. Baba yake alikanusha kwamba mwanawe alikuwa Mnazi, akisema alivutiwa tu na vifaa vya vita. Wengine walielekeza kidole kwenye michezo ya kivita, na hasa ile inayomfundisha mchezaji kuishi msituni kwa kuwinda na kupora. Jibu hili lilipendwa sana kwa sababu ni jepesi, ingawa michezo hiyo huchezwa na mamilioni ya vijana kote duniani ambao hawajawahi kumgusa mtu.

Baba huyo alikuwa amesema jambo jingine ambalo wakati huo wengi walilichukua kuwa maneno ya mzazi aliyechanganyikiwa. Mara tu mwanawe alipotajwa kuwa mshukiwa, aliwaambia wanahabari kwamba kijana huyo alikuwa na maumivu makubwa moyoni, kwamba safari hiyo ni ya kutafuta kifo na kwamba hatarudi akiwa hai. Katika kelele zote za wiki hizo, ni makisio machache yaliyokaribia ukweli kama hayo, nayo yalitoka kwa mtu aliyetamani yasitimie.

Uchunguzi wa maiti uliofanywa Winnipeg ulithibitisha Agosti 12 kuwa maiti zilikuwa za McLeod na Schmegelsky, na kwamba dalili zilionyesha wamejiua kwa risasi. Bunduki mbili zilipatikana kando yao. Polisi walisema vijana hao walikuwa wamekufa siku kadhaa kabla ya kupatikana, lakini walikuwa hai kwa siku chache tangu walipoonekana mara ya mwisho.

Maelezo hayo mafupi yalizaa maswali mapya. Je, walikuwa wakizisikia ndege zikipita juu yao? Je, walikufa kwa hiari yao wote wawili, au mmoja alimlazimisha mwenzake? Na zile siku walizokuwa hai msituni, walizitumia kufanya nini?

Video sita

Mwezi mmoja na nusu baadaye, Septemba 27, 2019, RCMP ilitoa ripoti yake. Kwa kawaida polisi huficha ushahidi wakingoja kesi, ili shahidi asije akasimulia mahakamani kile alichokisoma gazetini. Kwa kuwa hapakuwa tena na kesi ya kungojewa, sababu hiyo ya kunyamaza ilikuwa imeondoka, na ripoti hiyo ndiyo ikasimama mahali pa hukumu.

Ilieleza kwamba kando ya maiti ilipatikana kamera ya kidijitali iliyokuwa mali ya Dyck. Ndani yake mlikuwa na video sita fupi, ndefu zaidi ikiwa haitimizi dakika moja.

Katika video ya kwanza, vijana walikiri kwamba wao ndio waliofanya mauaji yote matatu. Walisema wanakusudia kutembea hadi Ghuba ya Hudson, wateke mashua na kusafiri hadi Ulaya au Afrika. Jina la bara hili liliingia hivyo katika mkasa huu, kama mahali pa mbali pa kukimbilia, katika mpango uliohitaji kuvuka kinamasi kwa miguu na baada ya hapo bahari nzima ya Atlantiki.

Video ya pili ilionyesha kwamba mto ulikuwa umewashinda. Walisema ni mkubwa na una kasi, na kwamba huenda wakalazimika kujiua. Katika ya tatu walikuwa wamenyoa ndevu kujitayarisha kwa kifo chao wenyewe, na wakasema wanafikiria kurudi ili waue watu wengine zaidi. Ya nne ilisema watajipiga risasi. Ya tano ilikuwa ya sekunde chache tu na ilionekana kurekodiwa bila kukusudia. Ya sita ilikuwa wosia, ambamo walieleza wanavyotaka miili yao ishughulikiwe.

Kulingana na ripoti hiyo, hawakuonyesha majuto katika video yoyote. Wapelelezi walihitimisha kuwa McLeod alimpiga Schmegelsky risasi kisha akajiua, kwa makubaliano ya wote wawili. Vipimo vilionyesha kuwa bunduki hizo mbili ndizo zilizotumika katika mauaji. Moja ni ile ya Nanaimo; ya pili haikuweza kufuatiliwa ilikotoka.

Ripoti hiyo ilizima tetesi nyingi kwa mara moja. Hapakuwa na muuaji wa tatu, wala mateka, wala mwananchi aliyewavusha hadi Ontario. Kuhusu itikadi, polisi walisema hawakupata ushahidi wa kuonyesha kwamba mauaji yalitokana nayo. Waliouawa hawakuchaguliwa kwa lolote walilokuwa nalo au walilolifanya. Walikutana na vijana hao barabarani.

Lakini kuhusu kiini cha yote, ripoti ilisema kwamba katika video zote sita, vijana hawakueleza kwa nini walianza kuua.

Uamuzi wa kutozitoa

Polisi walikataa kuzitoa video hizo kwa umma. Walisema wataalamu wao wa tabia za wahalifu waliamini kuwa huenda vijana walizirekodi kwa ajili ya kujipatia umaarufu, kwamba kuzionyesha kungekuwa dharau kwa jamaa za marehemu, na kwamba kungeweza kuwachochea wengine kuiga.

Uamuzi huo ulitolewa katika mwaka ambao jambo hilo halikuwa la nadharia. Mnamo Machi 15, 2019, mtu mwenye bunduki aliwaua waumini 51 katika misikiti miwili ya Christchurch, New Zealand, huku akirusha mauaji hayo moja kwa moja kwenye intaneti. Waziri mkuu wa wakati huo, Jacinda Ardern, aliapa kutolitamka jina lake. Serikali nyingi zilikuwa zimeona kwa macho jinsi picha za muuaji zinavyoweza kusambaa kasi kuliko zinavyofutwa.

Wapinzani wa uamuzi huo nao wana hoja isiyoweza kubezwa. Katika mahakama ya wazi, ushahidi kama huo huchunguzwa na pande zote mbili. Hapa polisi ndio waliopeleleza, wao ndio walioeleza maana ya walichokipata, na wao ndio walioamua kipi kionekane. Mwananchi anaambiwa asadiki kwamba katika video hizo hamna sababu yoyote ya mauaji, bila njia ya kuhakikisha. Anayetaka kuendelea kukisia anapata hapo pa kuegemea, naye atasema kwamba kilichofichwa ndicho kilicho na jawabu.

Hata hivyo, hakuna lililoashiria kwamba polisi walificha sababu waliyoijua. Wauaji wengi waliokamatwa wakiwa hai na kuhojiwa kwa miezi hawakuwahi kutoa maelezo yanayoridhisha, na baadhi yao walibadilisha maelezo kila walipoulizwa. Kesi ingeweza kuonyesha nani alifyatua risasi gani na nani alimfuata mwenzake. Ingewapa pia jamaa za marehemu nafasi ya kusema, kwa sauti yao, ni nani waliyempoteza. Nia ni jambo jingine, kwani hata sheria yenyewe haimtaki mwendesha mashtaka aithibitishe. Inamtaka athibitishe kwamba mtu aliua na kwamba alikusudia kuua.

Pengine lililoumiza zaidi ni jinsi wale watatu walivyofifia katika masimulizi. Deese na Fowler walikuwa vijana waliopenda kusafiri, waliofahamiana ugenini na kuchagua kuiona Kanada pamoja. Dyck alikuwa mtaalamu wa mimea aliyezoea kwenda peke yake katika nyika za kaskazini. Kwa kila ukurasa ulioandikwa juu yao, kuna kurasa nyingi zilizotumika kuchambua picha na michezo ya wale wawili waliowaua.

Rekodi za mahakama nazo zina upungufu wake. Kabla ya kufa, McLeod na Schmegelsky walikuwa wameshtakiwa kwa mauaji ya Dyck peke yake. Kwa mauaji ya Chynna Deese na Lucas Fowler, hakuna shtaka lililowahi kuwasilishwa.